Jacob Wainwright: Kijana Aliyeandika Habari za Msiba

 

Mwaka huu nilipewa kazi ya kuandika ukurasa wa watu mashuhuri waliotangulia mbele ya haki. Bila kupoteza wakati nikamchagua David Livingstone, kwa sababu habari zake ni tele katika vitabu vya historia na nilijua nitamaliza kwa jioni moja. Kumbe wapi! Mwalimu mlezi wa chama alisoma karatasi zangu, akapiga mstari mwekundu chini ya sentensi moja tu. Ni ile niliyosema kwamba Livingstone alipofariki, watumishi wake waaminifu walibeba maiti yake hadi pwani. Akaniuliza watumishi hao walikuwa akina nani. Tena akaniuliza, ikiwa hapakuwa na Mzungu hata mmoja pale porini, ulimwengu ulijuaje yaliyotokea? Nilitazama chini kama mtu aliyeitwa ubaoni na hesabu haijui. Nikaambiwa nirudi nikatafute.

Nilirudi nikinung'unika, lakini mtafutaji hachoki, na akichoka keshapata. Nilichopata ni jina la kijana mmoja, Jacob Wainwright. Na lililonishangaza zaidi ni kwamba hadithi yake na ya shule aliyosomea inafika hadi stejini ninaposhukia kila jioni nikitoka shule, pale Kengeleni, ng'ambo ya daraja la Nyali. Nimeipita ile kengele tangu nikiwa darasa la kwanza na sikuwahi kuuliza ni ya nani. Basi tulia nikusimulie.

Jacob alikuwa Myao. Wayao ni watu wa sehemu za Ziwa Nyasa, na katika karne ya 19 nchi hizo hazikuwa na amani. Misafara ya watumwa ilitoka ziwani ikashuka hadi Kilwa, kisha watu wakapakiwa majahazini kama magunia ya nazi, wakapelekwa soko la Unguja na wengine Arabuni na Ghuba. Mwaka 1845 Sultani Seyyid Said alitia sahihi mkataba na Waingereza wa kukataza watumwa wasipelekwe nje ya milki yake ya Afrika. Mkataba ni karatasi jamani, na biashara haikukoma. Ndipo manowari za Waingereza zikawa zinayavizia majahazi baharini na kuwateremsha waliokuwamo.

Jacob alikamatwa akiwa mtoto, akauzwa, na mwisho akaokolewa na manowari. Hapo usidhani mambo yalikwisha. Mtoto aliyeokolewa baharini angepelekwa wapi? Kumrudisha kwao ni kumrudisha kwa walewale waliomwuza. Basi wengine waliteremshwa Aden, wengine Shelisheli na Morisi, na wengine wakavushwa bahari nzima hadi Bombay, mji ambao siku hizi huitwa Mumbai. Huko ndiko Jacob alikopelekwa. Alitoka utumwani, lakini pia alitoka kwao, na bahari ikakaa katikati.

Bara kutoka Bombay kuna mji uitwao Nasik, kando ya mto Godavari, mto ambao Wahindu huuheshimu sana. Karibu na mji huo Chama cha Misheni cha Kanisa la Uingereza, yaani CMS, kilikuwa na kijiji chake kilichoitwa Sharanpur. Maana ya jina hilo ni mji wa kimbilio. Hapo palikuwa na shule ya watoto wa Kiafrika waliookolewa majahazini, na kwa miaka mingi msimamizi wake alikuwa kasisi William Salter Price. Watoto walifundishwa kusoma na kuandika, Kiingereza na Biblia, na pia kazi za mikono kama vile useremala na uhunzi. Wakubwa wa misheni walikuwa na mpango wao. Walitaka siku moja vijana hao warudi Afrika wakiwa walimu, wahubiri na mafundi.

Hebu msomaji mwenzangu fikiria. Mtoto wa Kiyao yuko Bara Hindi, nje anasikia lugha za Kihindi, darasani anafundishwa kwa Kiingereza, na usiku katika bweni analala na watoto wa makabila mbalimbali ya Afrika Mashariki ambao lugha zao si zake. Sisi wa shule ya kutwa tunalalamika matatu ikichelewa. Jacob hakuwa na nyumbani pa kurudi jioni. Hapo ndipo alipobatizwa, na akaitwa Jacob Wainwright.

Shule ile haikuishi sana. Ilidumu kama miaka 15 tu, lakini vijana wake walienea. Mwaka 1864 baadhi yao, kina George David, William Jones na Ishmael Semler, walifika Rabai hapa kwetu kumsaidia mzee Johann Rebmann, mmisionari ambaye macho yake yalikuwa yakififia. Mwaka 1865 Livingstone mwenyewe alifika Nasik, akachukua vijana tisa kwenda nao safari yake ya kutafuta chanzo cha mto Nile. Safari hiyo ilikuwa ngumu, na Livingstone alilalamika sana juu ya vijana hao, kwani wengi wao walimtoroka njiani. Lakini mmoja aliyeitwa Edward Gardner alibaki naye hadi mwisho.

Zamu ya Jacob ilikuja mwaka 1872. Wakati huo Uingereza haikujua kama Livingstone yuko hai au amekufa, na kundi la kumtafuta likaletwa Unguja. Vijana sita wa Nasik waliitwa wajiunge nalo. Miongoni mwao walikuwa Jacob, John Wainwright, Matthew Wellington na Carus Farrar. Kabla kundi hilo halijaenda popote, Henry Morton Stanley akatokea bara na habari kwamba yeye amekwisha kumwona Livingstone kule Ujiji. Wakubwa wa kundi wakavunjika moyo, wakaacha safari. Vijana wa Nasik hawakuacha. Stanley aliwaweka pamoja na wapagazi wengine aliowaandika Unguja, jumla yao kama watu 57, wakaelekea Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo, ambako Livingstone alikuwa akingoja msaada. Walifika Agosti mwaka 1872, na kabla ya mwezi kwisha safari ikaanza tena.

Tuwajue na wengine waliokuwa katika msafara huo. Palikuwa na Susi na Chuma, ambao walikuwa wamekaa na Livingstone miaka mingi na ndio waliokuwa viongozi hasa. Chuma naye alikuwa Myao aliyeokolewa utumwani mwaka 1861. Palikuwa na Halima, mpishi wake Livingstone. Palikuwa na mvulana aliyeitwa Majwara. Jacob kati yao alikuwa mgeni, hana mwaka hata mmoja na Livingstone. Alichokuwa nacho ni kalamu.

Walipita mashariki ya Ziwa Tanganyika wakashuka hadi kwenye vinamasi vya Ziwa Bangweulu, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Masika yalikuwa yamefunguka. Walitembea siku nyingi maji yakiwa viunoni, na Livingstone alikuwa akihara damu hata hakuweza tena kusimama. Wakatengeneza machela wakambeba. Mwishoni mwa Aprili mwaka 1873 walifika kijiji cha Chitambo katika nchi ya Ilala, wakamjengea kibanda. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Mei, Majwara aliona mambo si mambo, akamwita Susi. Walipoingia walimkuta mzee amepiga magoti kando ya kitanda, uso umeegemea mikono, amekwisha kukata roho.

Sasa hapa ndipo penye kiini cha habari yangu. Jiulize mwenyewe wangefanya nini. Wako mbali na pwani zaidi ya kilomita 1,600. Bwana aliyewaandika kazi amekufa. Wangeweza kumzika palepale, wakagawana vitu, kila mtu akashika njia yake. Nani angewauliza? Badala yake walikaa kikao. Susi na Chuma walitaka kila kitu kihesabiwe mbele ya watu wote, ili pasije pakatokea wa kusema kwamba wameiba. Jacob akaitwa. Alifungua daftari ya Livingstone mwenyewe, akaandika orodha ya vitu vyote vilivyokuwa sandukuni. Mtoto aliyewahi kuuzwa kama kitu, leo ndiye anayeandika hesabu ya vitu vya mtu mkubwa. Nilipofika hapo katika kusoma niliweka kitabu chini kidogo.

Waliamua kumpeleka kwao. Mwanzoni walimficha chifu Chitambo habari za kifo kwa kuogopa kutozwa faini, lakini siri haikukaa, na Chitambo alionyesha utu wa ajabu. Aliwashauri wamzike hapo, lakini alipoona wameshikilia uamuzi wao hakuwazuia, tena akaja na watu wake kuomboleza. Palijengwa ua mbali kidogo na kijiji. Farijala, ambaye zamani aliwahi kumtumikia daktari Unguja, aliipasua maiti akisaidiwa na Carus Farrar. Waliutoa moyo na matumbo, wakavitia katika bati, wakavizika chini ya mti mkubwa. Jacob alisimama na kitabu chake cha sala, akasoma maneno ya maziko kwa desturi ya Kanisa la Uingereza. Hapakuwa na padri wala askofu. Palikuwa na mwanafunzi wa Sharanpur.

Maiti ilitiwa chumvi, ikaanikwa juani siku 14, ikafungwa kwa nguo, ikatiwa ndani ya gome la mti na kuzungushiwa turubai. Kabla ya kuondoka Jacob alichonga katika ule mti jina la Livingstone na tarehe. Ule mti baadaye ulikatwa, na kipande chenye maandishi kikapelekwa London. Kwa hiyo maandishi ya kijana huyu yalisafirishwa baharini kama yeye mwenyewe alivyosafirishwa.

Safari ya kurudi ilichukua miezi tisa. Mwanzoni kabisa walishikwa na maradhi, wakakaa mahali pamoja karibu mwezi mzima. Kijiji kimoja palizuka mapigano. Na kumbuka kwamba watu wengi waliogopa maiti ipite katika nchi yao, wakisema itawaletea mkosi. Wakati wao wako porini, tarehe 5 Juni mwaka 1873, Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kulifunga soko la watumwa la Unguja. Livingstone alikuwa amelipigia kelele soko hilo miaka mingi, na lilifungwa wiki tano tu baada ya yeye kufa. Wale waliombeba hawakuwa na habari. Walikuwa wakitembea tu.

Oktoba walikaribia Unyanyembe na wakasikia kwamba kuna kundi la Waingereza limekuja kumsaidia Livingstone. Jacob akaandika barua ya kueleza kifo na kuomba msaada, maana chakula na nguo za kununulia chakula zilikuwa zimekwisha. Chuma akatangulia mbio na ile barua. Aliyeipokea alikuwa Luteni Cameron. Hivyo ndivyo Wazungu walivyopata habari, kwa mkono wa Mwafrika na kwa miguu ya Mwafrika mwingine. Ndilo jibu la swali la mwalimu wangu.

Cameron aliwashauri wamzike Livingstone hapohapo Unyanyembe, kwa kuwa njia ya mbele ni ya hatari. Walikataa. Hakuna aliyewalazimisha kuendelea, na aliyewapa ruhusa ya kuacha alikuwa ofisa wa Kiingereza, lakini walikataa. Mbele kidogo, mahali paitwapo Kasekera, wenyeji walisema maiti haipiti. Basi wakafanya ujanja ambao hata Abunuwasi angeupigia makofi. Walifunga mabua ya mtama yakaonekana kama maiti, wakayarudisha kwa huzuni kubwa upande wa Unyanyembe kana kwamba wanakwenda kuzika, na usiku wakayatupa. Maiti yenyewe waliifunga upya ikawa kama mtumba wa nguo wa kawaida, wakaupitisha mchana kweupe.

Februari mwaka 1874 walifika Bagamoyo. Mtu angetarajia ngoma na vigelegele. La hasha! Jeshi la maji la Waingereza lilichukua maiti, watu wakalipwa mishahara yao, wakaambiwa basi. Hata Susi na Chuma, viongozi wa safari nzima, waliachwa pwani. Aliyeendelea na jeneza hadi Uingereza ni Jacob peke yake kati ya wote walioibeba maiti kutoka Ilala, kwa kuwa CMS walimlipia nauli. Alikuwa mwanafunzi wao, na alijua Kiingereza.

Ipo picha yake akiwa karibu na jeneza katika safari ile. Amevaa suti ya Kizungu, uso umetulia. Meli iliyoitwa Malwa iliwafikisha bandari ya Southampton tarehe 15 Aprili. London daktari aliitazama maiti na kuthibitisha kwamba ni Livingstone kweli, kwa alama ya mfupa wa mkono uliowahi kuvunjwa na simba mwaka 1844. Tarehe 18 Aprili mwaka 1874 alizikwa katika Kanisa la Westminster, walikozikwa wafalme wengi wa Uingereza wa zamani. Wachukuzi wa heshima wa jeneza walikuwa wanane, na Stanley alikuwa mmoja wao. Mwafrika alikuwa mmoja tu, Jacob Wainwright. Susi na Chuma walifika baadaye, nauli yao ikiwa imelipwa na rafiki wa Livingstone, James Young, lakini maziko yalikuwa yamekwisha.

Hapo lazima niseme wazi, nilipata shida ya moyo. Nilitaka Jacob awe shujaa wangu, lakini je, haki ilitendeka? Susi na Chuma ndio waliokuwa viongozi. Mtu mmoja alipewa nafasi kwa sababu ya shule, na wengine wakanyimwa kwa sababu hawakukaa darasa lile. Mambo haya hata leo tunayaona. Lakini lawama hiyo simtwiki Jacob. Hakuwa yeye aliyekata tiketi.

Huko Uingereza alizungushwa katika mikutano ya misheni asimulie safari. Watu walimpigia makofi, kisha wengine wakaanza kusema kwamba ana majivuno na amejisahau. Tuseme alijivuna kidogo. Kijana aliyetoka jahazini akafika Westminster kabla hajawa mtu mzima sana, nani kati yetu angebaki na kichwa chake palepale? Mimi niliposhika nambari tatu darasani nyumbani hapakukalika. Kitabu cha siku za mwisho za Livingstone kilichotolewa London mwishoni mwa mwaka 1874 kilitegemea zaidi masimulizi ya Susi na Chuma, na Jacob akawekwa kando.

Alirudi Afrika Mashariki, akatumika kwa wamisionari, lakini hakupata tena jina. Miaka ikapita. Mwisho alikuwa Urambo, magharibi mwa Tanzania ya leo, nchi iliyokuwa ya mtemi Mirambo, ambako palikuwa na kituo cha misheni nyingine kutoka London. Huko ndiko alikoaga dunia mwaka 1892. Hakukuwa na wachukuzi wanane wa heshima.

Na shule yake je? Sharanpur kama shule ya Waafrika ilikuwa imekwisha zamani. Baada ya soko la Unguja kufungwa, Sir Bartle Frere, aliyekuwa gavana wa Bombay zamani na akaletwa kushughulika na habari za utumwa, alitaka watumwa wanaookolewa wawekwe pwani hii badala ya kuvushwa hadi Bara Hindi. Price yuleyule wa Nasik akatumwa Mombasa. Mwaka 1875 ardhi ikapatikana Kisauni, kikajengwa kijiji, kikaitwa Freretown kwa jina la Frere. Waafrika wa Bombay waliletwa wawe walimu, maseremala, wahunzi na wakalimani. Kwa hiyo shule ilikufa kule ikazaliwa huku. William Jones na Ishmael Semler walipewa ushemasi mwaka 1885. Mwaka huohuo Jones aliandamana na Askofu Hannington kwenda Uganda, na askofu alipouawa Busoga, ni Jones aliyewarudisha Rabai waliosalia. Freretown nayo ilikuwa na chuo cha wahubiri, ambacho mwaka 1930 kilihamia Limuru. Matthew Wellington, mwenzake Jacob katika ile safari ya maiti, alizeekea hapahapa Mombasa akafariki mwaka 1935.

Na ile kengele ya stejini ni kengele ya Freretown. Sasa jioni nikishuka, makanga akipiga kelele za Kengeleni, Kengeleni, mimi huitazama. Nyuma yake naona Nasik, na nyuma ya Nasik naona jahazi.

Wanachama wenzangu, nimeandika haya yote kwa nini? Si kwa ajili ya kumtukuza Jacob kupita wenzake. Waliobeba walikuwa wengi, na Jumuiya ya Kijiografia ya London ilitengeneza kama medali 60 kwa ajili yao, ingawa walikuwa wamekwisha kutawanyika. Lakini kuna jambo moja kubwa alilolifanya Jacob. Aliandika shajara ya kifo kile na safari ile kwa mkono wake mwenyewe. Waliompigia makofi wamekufa, na waliomwita mwenye majivuno wamekufa. Daftari lipo Blantyre kule Scotland, katika nyumba ya makumbusho pale alipozaliwa Livingstone, na mwaka 2019 liliwekwa kwenye intaneti ili kila mtu alisome. Miaka zaidi ya 140 ilipita ndipo akaanza kusikilizwa tena.

Wengi wetu hujiunga na chama hiki kwa sababu ya safari na soda. Mimi pia nilijiunga hivyo, sifichi. Nilidhani kuandika ni adhabu ya mwalimu. Sasa nafikiri juu ya yule kijana chini ya mti, watu wote wamechoka, wengine wanalia, naye anaambiwa aandike, na anaandika. Asingeandika, leo ningeendelea kusema watumishi waaminifu, na hesabu ingekwisha hapo.

Ile sentensi yenye mstari mwekundu nimeiandika upya, na mwalimu ameipitisha. Inasema kwamba Livingstone alipofariki kwa Chitambo mwaka 1873, Susi, Chuma, Halima, Majwara, Farijala, Edward Gardner, Matthew Wellington, Carus Farrar, Jacob Wainwright na wenzao waliibeba maiti yake miezi tisa hadi Bagamoyo. Imekuwa ndefu, najua. Isome yote.